Majirani wanaishia getini, tunawaingizaje kwenye maonesho?

BintiTandika

Wadau habari zenu. Naomba ushauri na naomba mnisome mpaka mwisho mana ni ndefu kidogo na kwakweli jambo lenyewe linaniuma.

Mimi na wenzangu watatu tumekodi stoo moja ya zamani huku Temeke, ilikuwa ya kuwekea mbao, tukapiga chokaa, tukavuta taa, tukaita galari. Sio kubwa, ni chumba kimoja na kibaraza cha mbele basi. Mwezi uliopita tumefanya maonesho yetu ya kwanza, kazi 26 za wasanii 7, wote wanaishi huku huku kwetu na wawili wamezaliwa mtaa huu huu. Ndo sababu yenyewe ya kuanzisha hiki kitu, tulichoka kila maonesho mpaka upande daladala mbili uende Oysterbay au Masaki au mjini, mtu wa Tandika anachora maisha ya Tandika afu watu wa Tandika wenyewe hiyo picha hawaioni hata siku moja.

Sasa siku ya ufunguzi watu walikuja, kitabu cha wageni kina majina 64. Lakini usiku nilivyokaa nikayapitia jina moja moja, waliotoka mtaani kwetu ni 9, na katika hao 9 watano ni ndugu zetu. Wengine wote wametoka upande wa pili wa mji. Majirani walifika kweli ila waliishia getini, wamesimama wamejazana pale nje wanachungulia kama vile kuna harusi ya mtu wasiyemjua, watoto wamepanda ukuta, hakuna aliyeingia. Kuna mama anauza vitumbua mkabala na sisi kabisa, kila asubuhi nanunua kwake, nikamfuata nikamwambia mama ingia uone ni bure, akajiangalia akasema mwanangu, na kanga hizi? Afu akaniuliza hivi humo ndani ni nini hasa, kanisa au ofisi ya mikopo.

Kesho yake ndo nikagundua mlinzi wetu alikuwa anawauliza watu kadi ya mwaliko. Wala hatukumtuma, yeye alijua tu shughuli yenye taa na watu waliovaa vizuri lazima iwe na kadi.

Maonesho ya pili ni baada ya wiki 6. Ndani ya kikundi tumegawanyika, mmoja anasema tupige singeli na tutoe soda za bure watu wataingia wenyewe, mwingine anasema ukifanya hivyo watakuja kwa soda na ukutani hataangalia mtu. Mimi niko katikati sijui niegemee wapi. Nyie mliowahi kufanya, watu wa mtaa mliwaingizaje?

MzeeBrashi

Binti hongera kwanza, majina 64 kwa maonesho ya kwanza sio haba, nimewahi kufungua maonesho tukawa watu 11 na mvua.

Anza na huyo mlinzi, usimfukuze wala usimgombeze. George Lilanga, huyu ambaye kazi zake leo zinatafutwa Ulaya na Marekani, alivyokuja Dar kutoka kusini miaka ya 70 mwanzoni, kazi aliyopewa pale Nyumba ya Sanaa ilikuwa ulinzi wa usiku. Nyumba ya Sanaa ilianzishwa 1972 na Sista Jean Pruitt, vijana wengi waliingia pale hawana kitu wakajifunza kuchora, kuchonga, batiki, na Lilanga akiwa mlinzi alikuwa anaona kazi za watu usiku kucha mpaka naye akapewa nafasi ya kufanya zake. Amefariki 2005 na mpaka leo vijana wanaishi kwa mtindo wake. Sasa wewe mlinzi wako umeshawahi kumtembeza ndani ukamwambia hii picha inasema nini na hii kaichora nani? Kama hujafanya hivyo basi naye yuko nje kama mama wa vitumbua, tofauti ni kwamba yeye amevaa sare. Mtembeze yeye kwanza kabla ya mgeni rasmi. Mtu akijua kilichomo ndani atakaribisha watu bila kuambiwa.

La pili ndo kubwa. Mnawaonesha watu kazi ikiwa imeshakwisha, imetundikwa, ina taa, kila mtu kanyamaza. Mtu wetu hajazoea kukutana na kitu hivyo. Angalia fundi akifungua injini barabarani, dakika 10 hazipiti watu 15 wamemzunguka, na kila mmoja ana la kusema, na hakuna aliyewaalika. Watu wanapenda kuona kitu kinavyotengenezwa. Edward Tingatinga alivyoanza kuchora mwaka 1968 hakuwa na galari, alikuwa na hadbodi, zile mbao nyembamba ngumu, na rangi za kung'aa zile za kupakia baiskeli, mkewe Agatha anauza picha pale Morogoro Stores, ndugu na jamaa wanakaa pembeni wanaangalia, wakaanza kushika brashi wao. Kina Mpata, Linda, Ajaba, Tedo, Mandu, ndo walijifunza hivyo, kwa kukaa karibu. Yeye akafa 1972, polisi walimpiga risasi kwa kumdhania mhalifu, miaka minne tu tangu aanze, na mtindo haukufa kwasababu waliouona ukitengenezwa walikuwa wengi. Hiyo ndo nguvu ya kufanyia kazi nje.

Kwahiyo wiki mbili kabla ya ufunguzi toeni wasanii wawili watatu wakae hapo kibarazani wachore mchana kweupe. Msipige hata spika. Picha ikianza na mstari mmoja Jumatatu, Ijumaa mtaa mzima unajua inaendaje, na siku ikiingia ndani ukutani wataifuata maana wameshaanza kuiona kama yao. Mtu atataka kujua ile ngazi uliyokuwa unachora ulimalizaje.

Mwana_wa_Eastlando

Sasa BintiTandika, mimi ni wa Nairobi na hio shida usidhani ni ya Dar peke yake. Huku pia kwa miaka mingi maonyesho yalikuwa ya watu wa Westlands na mabalozi, mtu wa mtaa akisikia gallery anafikiria ni mahali pa kuulizwa umetoka wapi. Ndio maana mimi huheshimu sana watu kama Elimo Njau, ambaye by the way kwao asili ni huko kwenu Kilimanjaro, alianzisha galari ya Paa ya Paa 1965 hapa Nairobi akitaka msanii wa Kiafrika awe na nyumba yake, hata moto ulipochoma pale 1997 na kazi nyingi zikaungua hakuacha. Afu kikundi cha wasanii cha Kuona Trust wakaanza 1995 pale Museum, wasanii wanafanya kazi mgeni akiona, na kituo cha sanaa cha GoDown kikaja 2003 ndani ya maghala ya Industrial Area, enzi hizo ukienda ulikuwa unapata huyu anafanya mazoezi ya densi, yule anachonga chuma, hakuna mtu amevaa suti. Hio ya Mzee Brashi ya kufanyia nje mimi naikubali mia kwa mia.

Lakini wacha nikuambie venye sisi tulifanya kwa kikundi chetu kidogo. Tuliacha kufungua Ijumaa saa kumi na mbili jioni. Hio saa ni ya nani? Mtu wa mtaa hio saa yuko kwa matatu amesimama, ama anapikia watoto. Tukafungua Jumamosi saa nne asubuhi, na hatukualika wazazi, tulialika watoto. Karatasi, krayoni, na rangi za maji, mwalimu mmoja kwa kila watoto kumi, masaa mawili. Kila mtoto akichora tunaandika jina lake vizuri, jina kamili, na umri, na tunaitundika kwa ukuta ule ule wenye wasanii wakubwa wametundika, sio kwa kona ya choo. Afu tunamwambia mtoto mwambie mama picha yako itakuwa hapa mpaka wiki ijayo Jumapili.

Wazazi walikuja wasee, na wakija hawaangalii ya mtoto wao peke yake. Kuna baba mmoja fundi wa mabati alisimama mbele ya picha ya msanii wetu karibu nusu saa, ilikuwa ya mabati ya mtaa yakiwaka jua la jioni, akatuambia huyu ameweka kutu mahali haishikagi, kutu huanzia kwa msumari. Tukamwita msanii, wakaongea, na msanii alirekebisha picha yake. Mimi nimesoma uhakiki mwingi wa sanaa lakini ule ndio naukumbuka.

Jambo moja la kuangalia, msipige watoto picha mkaweka mtandaoni bila kuuliza wazazi wao. Mzazi mmoja akikasirika mtaa wote unafunga mlango, na atakuwa na haki.

MuuzaPicha255

Mimi nitatofautiana kidogo na naomba msinielewe vibaya, nayapenda haya mnayosema ila nauza kazi za sanaa kwa miaka kadhaa sasa na nimeona vikundi vingi vinakufa.

Kodi ya hiyo stoo inalipwa na nani? Kwa kawaida galari inachukua asilimia 30 mpaka 50 ya bei ya kazi, hiyo ndo inalipa umeme na mlinzi na chokaa. Mnunuzi anayetoa laki nane kwa picha moja mara nyingi ndo huyo aliyetoka upande wa pili wa mji ambaye wewe unamhesabu kama tatizo. Ukijaza watu 300 siku ya ufunguzi na asinunue hata mmoja, mwezi wa tatu mnafunga, na hapo hao majirani hawana galari na wasanii hawana pa kutundika. Msanii anataka kula dada yangu. Nimeshaona msanii mzuri sana ameacha brashi anaendesha bajaji, na hakuacha kwasababu majirani hawakuja, aliacha kwasababu hakuuza.

Kwahiyo ushauri wangu ni kutenganisha. Siku moja ya wanunuzi, kimya, kila kazi ina kibandiko chenye jina la msanii, jina la kazi, mwaka, imefanyiwa kwenye nini, ukubwa na bei. Siku nyingine ya mtaa. Na hati ya makubaliano kati yenu na msanii iandikwe kabla kazi haijaingia mlangoni, mana ugomvi mwingi ninaoujua ulianza na maneno ya mdomo.

BintiTandika

Mzee Brashi shkamoo, nimesoma maneno yako nimewasomea na wenzangu. Leo asubuhi nimemtembeza mlinzi. Aliuliza swali ambalo mimi mwenyewe sijawahi kujiuliza, kwanini picha zote za soko tulizonazo zimechorwa kutoka upande wa mnunuzi, hakuna hata moja imechorwa kutoka nyuma ya meza. Alikuwa anauza mitumba kabla ya kuwa mlinzi, sikujua.

Mwana wa Eastlando hiyo ya kutu nimeipenda mno na hiyo ya saa umenigusa, sisi kweli tuliweka Ijumaa saa 12 jioni kwasababu ndo tulivyoona kwa wengine.

MuuzaPicha nakuelewa na hujakosea kuhusu kodi, tunadaiwa miezi miwili sasa hivi ninavyoandika. Ila hiyo ya kutenganisha siku inanipa shida. Mama wa vitumbua akijua kuna siku ya watu wengine na siku yake, na siku yake hakuna bei ukutani, si nimemwambia kwa mdomo wangu kwamba yeye sio wa kununua?

FundiFremu_Ilala

Nimepita tu nikaona hapo pa kununua ikabidi nijiunge. Mimi ni fundi fremu, natengeneza fremu tangu nimemaliza shule, na nataka kuwaambia hiki kitu kwa uzoefu wangu, huyu mtu wa mtaani mnayesema hanunui picha ANANUNUA KWANGU kila siku. Ukutani kwa watu wetu hapakai wazi. Wananiletea picha ya ndoa, picha ya marehemu baba, cheti cha mtoto, Ayatul Kursiy, Al Kaaba, Yesu na kondoo, Simba na Yanga, picha ya mandhari ya maporomoko ya maji ambayo hata hayapo Afrika. Mtu mshahara wake mdogo lakini analeta picha ya mama yake anakwambia fundi weka kioo kizuri na mbao nzuri nitalipa kidogo kidogo, na analipa, wiki hii 5,000 wiki ijayo 3,000, na ikikamilika anakuja na pikipiki anaikumbatia kifuani kama mtoto.

Kwahiyo msiseme hawana utamaduni wa picha. Wanao, ila hawajawahi kuletewa picha ya kwao. Mnawaletea kanvasi ya mita moja na nusu kwa laki nane wakati chumba chake ni futi 10 kwa 10 na kitanda kimo humo humo. Itakaa wapi?

Ningekuwa mimi ningewaambia hao wasanii 7 kila mmoja alete kazi mbili tatu ndogo, sentimita 30 kwa 30 hivi, za mkono wake kweli sio chapa, bei yake mtu aweze kuilipa kwa awamu nne. Muwe na daftari. Anaanza kulipa, kazi inabaki ukutani ina jina LAKE kuwa imechukuliwa, akimaliza anaondoka nayo. Kila akija kulipa ataingia ndani, na hatakuja peke yake, atakuja na mtu amuoneshe picha yangu ile pale. Picha za Tingatinga za zamani nazo mwanzo zilikuwa vibao vya hadbodi vya kubeba mkononi, vya kama futi mbili kwa mbili, na vilitembea kwasababu vinabebeka.

MuuzaPicha255

Fundi hiyo ya daftari sikuwahi kuiwaza na nimefanya hii kazi muda wote huu. Nakubali. Labda tu deni liwe na mwisho, miezi mitatu minne, na msanii akubali mapema kuwa atapokea kidogo kidogo vilevile. Na mnunuzi aambiwe kuwa amenunua picha, hajanunua haki ya kuichapisha kwenye fulana akauze, hakimiliki inabaki kwa msanii mpaka aiuze kwa maandishi. Sheria yetu ya hakimiliki ipo tangu 1999 na watu wengi hilo hawalijui kabisa, hata wasanii wenyewe.

BintMkunazini

Assalam aleikum, mie niko Unguja. Nimesoma yote nimefurahi ila naona mumezungumza wasanii, mafundi, watoto, na yule mama wa vitumbua ambae ndo mwanzo wa habari yote mumemuacha getini na kanga zake.

Yeye kasema mwanangu, na kanga hizi. Basi sikilizeni, hizo kanga alizovaa ndo kazi ya sanaa alonayo. Ina pindo, ina mji, yani ile sehemu ya katikati, ina jina, yani yale maneno yake, na lile jina hakulichukua kwa bahati, alikwenda dukani akasoma doti kumi akachagua moja, na pengine alikuwa na mtu wa kumwambia yale maneno. Sie huku mtaani kwetu tulifanya siku ya kanga, hatukualika msanii hata mmoja. Tulisema kila mwanamke alete kanga moja anayoithamini na aseme kaipata wapi. Tulitarajia kanga 20 zikaja mpaka tukakosa kamba za kutundikia. Kuna kanga ya harusi ya mwaka 1964, kuna kanga aliyopewa mtu na mkwewe kwa jina la kumsema na hakuivaa hata siku moja ila kaiweka miaka 30, kuna bibi kaleta kanga ya kisutu imechanika, kasema hii ndo nilojifungulia watoto wote. Watu walilia pale ndani. Na wale vijana wetu wanaochora walisimama nyuma wanaandika, mana rangi na mpangilio ule ndo walokuwa wanautafuta vitabuni.

Hali kadhalika mapicha ya zamani. Pana studio ya picha ya kina Oza hapa Mji Mkongwe, Capital Art Studio, imeanza 1930, mpaka leo watu wanaingia wanasimama wanatafuta nyuso. Mtu hahitaji kuambiwa hii ni sanaa, anatafuta kama babu yake yumo. Na nyie huko Dar mnaona Kijiji cha Makumbusho wanapofanya siku za utamaduni wa jamii moja moja, watu wanakuja na watoto na sufuria za chakula na ngoma zao, wanaingia getini wanajiamini mana siku ile ni yao.

Wakati nao muangalie, kwetu tuliweka baada ya alasiri mpaka karibu na magharibi, wanawake ndo wanapata nafasi hapo. Maelezo yote ukutani yawe Kiswahili na herufi kubwa, wazee wasome bila miwani. Na kitu cha mtu mkikipokea muandike, jina, aina, hali yake ilivyokuja, siku ya kurudisha, na atie saini. Mie nshawahi kuazimisha kanga ya marehemu mama yangu kwenye maonesho mahali fulani, imerudi na doa la gundi la tepu katikati ya mji, na haijatoka mpaka leo. Tundikeni kwa kamba na vibanio vya mbao, msigandishe tepu kwenye nguo ya mtu.

mjumbe_mstaafu

Kwa ufupi. Nendeni ofisi ya serikali ya mtaa mapema, mpelekeeni mwenyekiti barua ya taarifa na mumualike yeye na wajumbe, huko ndo habari inatoka inafika kila nyumba. Kama mtapiga muziki fuateni utaratibu wa kibali na BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, muwaulize kabisa kinachohitajika kwa shughuli yenu, msisubiri kuulizwa siku ya tukio. Ila kwa maoni yangu singeli hamuihitaji. Wekeni muuza kahawa na kashata kibarazani, na bao moja. Wazee watakaa wenyewe, na wazee wakikaa mahali hapo pameshakuwa pa mtaa.

BintiTandika

Jamani nimerudi, najua nimechelewa ila nilikuwa sina nguvu hata ya kushika simu. Ilikuwa tumalize juzi Jumapili, niwape taarifa mana mliyafanya haya nyie.

Kuchora nje tulianza na wasanii wawili, siku ya tatu wakawa wanne kwasababu wenyewe walinogewa. Mzee Brashi ulisema kweli, mpaka watu wa bodaboda walihamishia kijiwe pale. Mmoja wa wasanii alikuwa anachora soko na mlinzi akamwambia lile la nyuma ya meza, akaifuta akaanza upya, na ndo picha iliyokuwa na watu wengi mbele yake muda wote. Mlinzi alikuwa anaielezea yeye, sisi tulikaa pembeni.

Ufunguzi tuliufanya Jumamosi asubuhi na watoto, jioni ikawa ya kanga. Bei ziliwekwa wazi siku zote. Mwenyekiti wa mtaa alikuja, akakaa kwenye bao masaa mawili.

Daftari la Fundi lina majina 13 mpaka sasa, kumi ni wa mtaani. Mmoja ni kijana anauza maji kwenye toroli, amechagua picha ndogo ya bomba la maji la jirani, analipa 2,000 kila jioni anapopita. Kubwa tumeuza mbili tu, kodi tumelipa mwezi mmoja, mwingine bado tunadaiwa, sitaki kuwapamba hapo. Na tulikosea pia, siku ya kwanza kibaraza kilijaa wanaume wa kahawa na bao mpaka akina mama wakawa wanaona tabu kupita katikati yao, ikabidi tuhamishe bao upande wa pili wa geti. Mjumbe mstaafu nilitaka ulijue hilo kwa wengine watakaofuata ushauri wako.

Mama wa vitumbua alileta kanga. Alikuja nayo imekunjwa ndani ya mfuko wa rambo, akasimama mlangoni akasema nimeambiwa mnaandika saini. Nikaandika kila kitu kama BintMkunazini ulivyoelekeza, akasaini kwa jina kamili ambalo kwa miaka yote ninayonunua kwake sikuwahi kulijua. Kanga yenyewe alinunua kwa hela ya kwanza ya vitumbua. Tukaitundika, tukaandika maelezo yake, akarudi kesho yake akasoma polepole akaniambia mwaka mmekosea, tukachapisha upya. Tangu hapo kila siku akimaliza biashara anaingia anaosha mikono nyuma anazunguka ukuta mzima.

Tulipanga kushusha juzi lakini kaniomba tungoje, dada yake anatoka Mbagala wiki hii naye aone. Kwahiyo tumesogeza mpaka Jumapili hii inayokuja.

FundiFremu_Ilala

Hizo 13 wakimaliza kulipa nileteeni nizitie fremu, gharama ya mbao tu, ufundi hapana.

BintMkunazini

Mashallah. Mie nna mtoto wa dada yangu yuko Temeke, Jumapili mnafunga saa ngapi?

BintiTandika

Fundi asante, Mungu akubariki, nakuja kwako kesho tuongee. BintMkunazini mwambie awahi kabla ya magharibi, tukichelewa mlinzi atawafungulia, funguo anakaa nazo yeye.